Kikapu cha mpakani chafika kaunta ya hoteli

KAMA umewahi kuvuka Gatuna, Rusumo, Rusizi au Petite Barrière na kikapu cha marakuja kichwani, au kama ulirejea nchini kutoka Karagwe, Kampala, Bujumbura au Goma ukiwa na begi moja na ladha ya chakula cha huko bado iko mdomoni, makala haya yanakuhusu. Yanakuhusu hata kama hujaonja pombe maishani mwako.

Hivi karibuni nilitumia jioni mbili katika baa ya hoteli moja kubwa ya hapa Kigali. Baa hiyo imejipatia sifa kwa vinywaji vya kuchanganya, yaani kokteli, kiasi kwamba wageni waliolala hoteli nyingine hupanda teksi kwenda kunywa pale. Uongozi ulinikubalia kuzungumza na wafanyakazi kwa sharti kwamba jina la hoteli lisitajwe gazetini, nami nimeliheshimu sharti hilo.

Nilikwenda nikitarajia kuona vijana wenye tai za kipepeo wakirusha chupa hewani. Hakuna chupa iliyorushwa. Juu ya kaunta ndefu ya mbao kulikuwa na beseni la ndimu, sinia la marakuja, vinyomoro vyekundu vyenye umbo la yai, mizizi ya tangawizi, fungu la mchaichai, ukwaju uliolowekwa na mtungi wa asali nzito. Kama si taa hafifu na vilima vya Kigali vinavyometameta dirishani, ungedhani umeingia soko la Kimironko.

Mkuu wa kaunta hiyo ni mwanamume wa makamo aliyezaliwa Karagwe, mkoani Kagera, ambako wazazi wake walikimbilia. Familia ilirudi Rwanda baada ya 1994, yeye akiwa bado mwanafunzi. Kazi ya kuchanganya vinywaji aliisomea Nairobi katika hoteli za watalii, akianzia kuosha glasi, hadi alipopata nafasi ya kurudi nyumbani.

"Kaka, wewe umekulia upande gani?" aliniuliza kabla sijakaa vizuri.

Nilidhani ni maneno ya kumkaribisha mgeni tu. Baadaye nilimsikia akimwuliza swali hilo hilo kila mtu aliyesogea.

"Mgeni akiniambia alikolelewa, nusu ya kazi imekwisha," alisema huku akikata ndimu. "Aliyekulia Kampala atatafuta waragi kwa macho. Wa Dar es Salaam ataangalia kama nina Konyagi. Aliyekaa Nairobi anataka dawa. Wa Bukavu na Goma, huyo anauliza marakuja kwanza, pombe baadaye. Sisi tuliorudi tulirudi na ndimi zetu, kaka. Nchi ni moja, lakini ndimi ni za kila mahali."

Wasafiri ndio walioleta kokteli

Maneno hayo yana ukweli mpana kuliko Kigali. Kazi ya kokteli ililelewa na hoteli kubwa, na hoteli kubwa zililelewa na wasafiri. Katika Hoteli ya Savoy jijini London kuna baa iitwayo American Bar ambayo mwanamke, Ada Coleman, alianza kuihudumia mwaka 1903. Yeye ndiye aliyembunia mwigizaji Charles Hawtrey kinywaji cha jini, vermouth tamu na matone ya Fernet-Branca, dawa chungu ya mitishamba kutoka Italia. Kinywaji hicho, Hanky Panky, kinauzwa mpaka leo. Aliyekuja baada yake, Harry Craddock, alikusanya mapishi ya baa hiyo katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1930, na wachanganyaji wa dunia nzima bado wanakisoma.

Huko Singapore, katika Hoteli ya Raffles, mchanganyaji mwenye asili ya Kichina aliyeitwa Ngiam Tong Boon anasifiwa kwa kubuni Singapore Sling, na mwaka unaotajwa mara nyingi ni 1915. Singapore ilikuwa bandari. Meli zilishusha watu wenye kiu ya kwao, na mtu wa kaunta akawa na kazi ya kutengeneza kiu hizo zote kwa alichokuwa nacho rafuni.

Kigali haina bahari. Bandari zetu ni mipaka, na meli zetu ni akina mama wenye vikapu, vijana wa baiskeli na malori yanayolala Rusumo. Kila glasi niliyoonyeshwa katika baa ile, nilipouliza imetoka wapi, jibu lilikuwa jina la mpaka.

Dawa iliyozaliwa Nairobi

Tuanze na dawa, maana ndiyo inayoagizwa zaidi pale. Ndimu hukatwa vipande, hutiwa ndani ya glasi fupi pamoja na sukari ya kahawia, kisha barafu iliyopondwa na kipimo cha vodka. Juu yake huja kijiti cha mbao kilichozungushiwa asali nzito. Asali ikikutana na barafu haiyeyuki haraka, hivyo mnywaji huachiwa akoroge na kukandamiza ndimu mwenyewe. Anayependa ukali hukoroga kidogo, anayependa utamu hukoroga mpaka kijiti kibaki kitupu.

Kinywaji hicho kilipata umaarufu katika mgahawa wa Carnivore, barabara ya Langata jijini Nairobi, uliofunguliwa mwaka 1980 na kujulikana kwa nyama choma. Asili yake ni kinywaji cha Brazil kiitwacho caipirinha, ambacho ni pombe ya miwa, ndimu na sukari. Nairobi iliondoa pombe ya miwa ikatia vodka, ikaongeza asali, kisha ikakipa jina la Kiswahili. Leo utakikuta katika hoteli za Zanzibar, Arusha, Kampala na Kigali, na watalii hurudi kwao wakijua neno hilo moja hata kama hawajui "asante".

Mkuu wa kaunta alinitengenezea mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kawaida. Ya pili haikuwa na pombe: maji moto, tangawizi iliyopondwa, ndimu na asali, kama inavyouzwa katika migahawa ya chai ya Nairobi kwa watu wenye mafua. Hapa aliipoza kwa barafu na kutia mchaichai.

"Karibu kila meza ina mtu ambaye hanywi," alisema. "Mwislamu wa Nyamirambo, mlokole, dereva, mama mjamzito. Zamani tulikuwa tunawapa soda wakae wakitazama wenzao. Sasa nao wana glasi nzuri, na wanalipa vizuri. Usisahau kuandika hilo."

Nimeliandika, na msomaji mfanyabiashara alitie akilini. Glasi isiyo na pombe haina chupa ya kigeni ndani yake. Yote ni matunda, viungo na asali, yaani bidhaa anayoibeba yeye.

Kuhusu asali, nilimwona akiifanyia ukali ambao haukunitayarisha kwa maneno yake ya upole. Alifungua mtungi ulioletwa mchana huo, akachovya kijiti, akakiinua. Asali ilishuka kama maji. Aliufunga mtungi na kuuweka chini, mbali na mingine.

"Hii imeongezwa maji ya sukari. Kesho inarudi kwa mwenyewe," alisema. "Kijiti hakidanganywi."

Waragi na Konyagi

Ukipita Gatuna kwenda kaskazini, unaingia nchi ya waragi. Wengi husimulia kwamba jina hilo limetokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya jini ya vita, enzi za askari wa mkoloni. Watu wa vijijini Uganda walikuwa wakikeneka enguli kwa ndizi tangu zamani. Mwaka 1965 serikali ilitunga Sheria ya Enguli, iliyokataza kukeneka bila leseni na kuwataka wakenekaji wauze pombe yao kwa kiwanda kilichoidhinishwa. Kiwanda kiliisafisha upya, kikaipima na kuitia katika chupa yenye lebo. Ndivyo Uganda Waragi ilivyozaliwa, na ndiyo inayokaa kwenye rafu za hoteli.

Katika baa ile waragi hukutana na marakuja mbili zilizokamuliwa, ndimu kidogo na sharubati nzito ya urwagwa. Pombe yetu ya ndizi huchemshwa na sukari mpaka inakuwa nzito kama asali, na ule ukali wake unabaki harufu tu. Kwa ulimi wangu, hiyo ndiyo iliyokuwa glasi bora ya jioni ya kwanza. Mzee mmoja aliyekaa jirani yangu, aliyekulia Mbarara, alinusa glasi yake kwa muda mrefu kabla ya kuigusa, halafu akasema kwa sauti ya chini kwamba imemkumbusha harusi za huko.

Konyagi nayo hutoka Dar es Salaam na kupita Rusumo. Jina lake linafanana na konyaki ya Wafaransa, ingawa chenyewe ni kinywaji cheupe cha asilimia 35 ya kilevi. Pale huchanganywa na ukwaju, tangawizi na chumvi kidogo kwenye ukingo wa glasi. Ukwaju ni tunda la pwani na nchi kavu za Tanzania. Aliyewahi kuuza juisi yake Mwanza au Tabora ataitambua ladha hiyo hata akifumba macho.

Nilimwuliza mkuu wa kaunta anafanyaje mipaka inapofungwa. Alicheka kicheko kifupi.

"Orodha yangu ya vinywaji inafuata taarifa ya habari," alijibu.

Alianza kuhesabu kwa vidole. Februari 2019 Gatuna ilifungwa, na haikufunguliwa tena hadi Januari 31, 2022. Katikati ya hapo ukaja ugonjwa wa Korona. Januari 2024 Burundi ilifunga mipaka yake ya nchi kavu na Rwanda. Januari 2025 vita vikafika Goma, na Februari vikafika Bukavu. Kila mara kuna glasi iliyotoka kwenye orodha na nyingine iliyobuniwa kuziba pengo. Vinyomoro viliingia katika orodha kwa sababu marakuja ziliadimika. Watu wanasifu ubunifu wake, alisema, lakini mara nyingi ubunifu huo ulikuwa ni kukosa.

Uchungu wa Kivu ndani ya glasi

Kuna kinywaji kimoja ambacho kila baa duniani inacho: jini na maji ya toniki. Wanywaji wachache wanajua kwamba uchungu wa toniki ni kwinini, dawa ile ile ya malaria. Hutokana na gome la mti wa mkwinini, wenye asili ya milima ya Andes huko Amerika ya Kusini. Wazungu wa India waliinywa kwa soda na sukari ili kupunguza uchungu, wakaongeza jini. Mwaka 1858 Mwingereza Erasmus Bond alisajili haki ya kutengeneza maji ya toniki jijini London.

Mti huo haukuishia Andes na Asia. Wabelgiji waliupanda katika milima ya Kivu, ambako baridi na mvua viliufaa, na kwa miongo mingi kiwanda cha Pharmakina cha Bukavu kimekuwa miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa kwinini duniani. Wazee waliokulia Bukavu na Katana wanayakumbuka magome yakianikwa juani. Kwa hiyo mtu wa Kivu anapoona chupa ya toniki iliyotoka Ulaya ikifunguliwa mbele yake kwa bei kubwa, ana haki ya kutabasamu. Huenda uchungu ule ulianzia kilimani kwao, ukazunguka dunia, ukarudi umevaa lebo.

Kiwango kinachotiwa katika toniki ni kidogo mno kutibu malaria. Asije mtu akaacha kwenda zahanati kwa kutegemea glasi.

Jerikeni ya usiku

Jioni ya pili niliuliza swali lililokuwa likinisumbua. Kokteli ina ndimu, asali, tangawizi, barafu. Je, mnywaji anajuaje pombe iliyomo ndani ni ipi?

Mkuu wa kaunta aliweka kisu chini.

"Hajui," alisema. "Hapo ndipo kazi yangu ilipo. Kinywaji cha kuchanganya kinaficha. Mtu mwovu anaweza kukuuzia sumu na ukasifu ladha."

Akanisimulia kwamba kuna mtu aliwahi kumfuata nje ya lango la hoteli na kumwahidi jerikeni za kanyanga kwa bei ambayo ni sehemu ndogo tu ya bei ya chupa halali. Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Chupa ya mililita 750 hutoa vipimo 15 vya mililita 50. Ukijaza chupa tupu yenye lebo kwa kanyanga, ukaifunika kwa marakuja na ndimu, glasi zote 15 ni faida yako na hakuna atakayetambua. Mtu yule alimhakikishia kwamba wengine wanafanya hivyo.

"Nilimwuliza, umeionja wewe mwenyewe? Akanyamaza. Nikamwambia, basi ondoka."

Wasomaji wa upande wa Kabale hawahitaji kuelezwa zaidi. Aprili 2010, zaidi ya watu 80 waliripotiwa kufariki nchini Uganda, wengi wao wilayani humo, katika kipindi cha majuma matatu hivi, baada ya kunywa waragi iliyochanganywa na methanoli. Methanoli ni kilevi cha viwandani. Haina rangi, na harufu yake inakaribiana na ya pombe ya kawaida. Mwili unapoisaga huigeuza kuwa asidi inayoshambulia mishipa ya macho na viungo vya ndani.

Hatari yake kubwa ni kwamba huchelewa. Mtu hunywa, hulewa kidogo, hulala. Dalili huweza kuanza baada ya saa 12 au hata siku nzima: kichwa, kutapika, tumbo, pumzi za haraka, na macho kuona ukungu au weupe. Anayeona hivyo asilale akisubiri pombe imtoke. Apelekwe hospitali mara moja, maana ikiwahiwa ina matibabu. Na wale wanaosema wanaipima kwa kuwasha kiberiti au kuionja kwa ncha ya ulimi wanajidanganya. Hakuna kipimo cha nyumbani cha kutegemewa.

Sheria ya Rwanda inaihesabu kanyanga miongoni mwa dawa za kulevya, hivyo anayekamatwa nayo hapati kesi ya ushuru pekee. Ni ndugu yake wa damu wa gongo ya Tanzania, chang'aa ya Kenya na lotoko ya Kongo. Tofauti kati ya jerikeni hiyo na chupa iliyoko rafuni ni kwamba chupa ina mtu wa kuulizwa. Ina jina la kiwanda, namba na stempu ya kodi. Jerikeni haina baba.

Mama wa marakuja

Niliomba nikutanishwe na anayeleta matunda. Asubuhi iliyofuata, kwenye mlango wa nyuma ambako wageni hawafiki, nilimkuta mama mmoja kutoka Rubavu, mwenye kitenge na viatu vya mpira, akihesabu makreti na kijana wa stoo. Kabla ya kurejea nchini aliishi Masisi na Goma miaka mingi, na Kiswahili chake ni kile cha Kivu.

Nilimwuliza kama amewahi kupanda ghorofani kuona matunda yake yanavyonywewa.

"Mie? Kule juu kunani, mwanangu?" alicheka. "Mie najua bei ya kreti. Bei ya glasi waniambie wenyewe."

Nilimwambia bei ya glasi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwa pesa hiyo yeye angeuza ndoo nzima na kubaki na chenji. Hakukasirika. Alisema hoteli ina taa, ina barafu, ina vijana wa kulipwa, ina kodi. Kilichomuuma kilikuwa kingine.

"Zamani nilikuwa napelekea hoteli nyingine, sitaitaja. Wanachukua mali leo, wanalipa baada ya miezi miwili. Sasa mtaji wangu umelala kwao, mimi nitavuka na nini kesho? Nilikopa kwenye ikimina, nikakopa kwa jirani, nikafika mwisho."

Wakati huo ndipo alipojiwa. Mtu alimwomba aweke vidumu vichache vya kanyanga chini ya marakuja, akamwambia kikapu cha mama mzee hakichunguzwi. Malipo ya safari moja yalikuwa makubwa kuliko faida yake ya mwezi. Mama aliniambia hakulala usiku huo, kwa sababu ada ya shule ya mjukuu ilikuwa inadaiwa. Alfajiri alikataa. Mwenzake waliyekuwa wakivuka pamoja alikubali, akavuka mara tatu, na mara ya nne akakamatwa. Watoto wake wanalelewa na bibi yao.

"Watu wanasema mie niliogopa," alisema. "Ndiyo, niliogopa. Lakini pia nilifikiria: haya matunda yanajulikana ni yangu. Wakikuta uchafu chini yake, nitauza nini tena?"

Kilichomtoa katika shida ni ushirika. Yeye na akina mama wenzake walijiandikisha, wakafungua akaunti moja ya benki, wakapata mashine ya kutoa risiti za kodi. Hoteli hii ya sasa iliwataka wakubaliane kwa maandishi kwamba malipo yatatoka ndani ya majuma mawili. Mwanzoni walichagua marakuja kwa mkono, moja moja, wakiziacha zilizonyauka na zenye madoa, na soko liliwacheka kwamba wanaosha matunda kama watoto wachanga. Sasa kreti lao halifunguliwi kukaguliwa mara mbili.

Nilirudi kwa mkuu wa kaunta na maneno hayo. Alisema yeye anamjua mama yule kwa kreti zake tu, hawajawahi kuonana. Nilimwuliza kwa nini. Hakuwa na jibu. Kabla sijaondoka, alimtuma kijana amwite, na mama akapandishwa kwa lifti ya mizigo, akasimama mbele ya kaunta na kitenge chake. Alitengenezewa glasi ya marakuja, tangawizi na asali, bila pombe kwa sababu yeye ni mlokole. Alionja, akaonja tena.

"Umetia ndimu nyingi," alimwambia. "Marakuja ya sasa ni ya mvua, ni kali yenyewe. Ndimu punguza."

Mkuu wa kaunta alionja, akaitika kwa kichwa: "Ndiyo, mama." Akamimina, akaanza upya.

Kwa anayevuka kesho

Mfanyabiashara mdogo anayetaka kuuza hotelini ana mambo machache ya kushika. Bidhaa zenye asili ya nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, zikiwa na thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, zinaweza kupita kwa utaratibu rahisi kwa cheti cha asili kinachotolewa hapo hapo mpakani. Wengi hulipa "watu wa njia" kwa kutokujua hilo. Uliza dirisha la forodha, na uombe karatasi.

Usikubali kuuza hotelini bila tarehe ya malipo iliyoandikwa. Hoteli inahitaji risiti ya mashine ili ihesabiwe gharama zake, na usipokuwa nayo watakukata bei au watamchukua mwingine. Ukiwa mmoja mashine na akaunti ni mzigo, mkiwa kumi ni jambo dogo. Peleka sampuli asubuhi, saa ambazo baa haina wageni, na umtafute mtu wa kaunta mwenyewe badala ya kuishia kwa mlinzi. Yeye ndiye anayejua msimu ujao anataka nini. Huyu wa kwetu aliniambia anatafuta ukwaju safi usio na mchanga, mchaichai uliokatwa siku hiyo, na asali ambayo kijiti kikiinuliwa haishuki kama maji. Vinyomoro anataka vigumu kidogo, maana vilivyoiva sana hupasuka njiani kutoka Rubavu.

Chini ya matunda kusiwe na kitu kingine. Mama wa Rubavu alikataa safari moja ya usiku, na leo kreti zake hupita mlango wa nyuma wa hoteli bila kufunguliwa mara ya pili. Juma hili, aliniambia wakati akishuka, anapeleka kreti mbili zaidi ya kawaida. Ghorofani wamepunguza ndimu, na marakuja zinakwenda haraka.